Mashini ya CD ya dola 400: anza na lensi, chapa itafuata

Ndugu yangu, umeandika "bayaya munisaidie", na mpaka sasa naona bantu banakujibu paka na majina ya chapa. Kama nimekuelewa, uko na ampli ya zamani, bafle mbili za mbao, CD karibu mia mbili mzee alikuachia, na dola 400, na unataka kujua mashini gani ya CD utaweka mu salo, mpya ao okazyo. Mi niko hapa hapa Lubumbashi, mashini tano zimepita kwangu, mbili mpya na tatu okazyo, na hii nakuandikia nimeilipia na pesa yangu.

Hapa kwetu mashini ya CD haikufi juu ya sauti mubaya. Inakufa juu ya lensi, lile jicho la laza linalosoma CD, na juu ya kuraa, ni kusema umeme. Wale wanaokutajia chip ya DAC, ile inayogeuza namba za CD kuwa sauti, hawadanganyi, lakini wanaanzia mbali. Ukikamata mashini mbili za dola 400, zote ziko na afya, tofauti ya sauti ni kidogo sana, ukisogeza bafle zako nusu metre kutoka ku ukuta utasikia mabadiliko makubwa kuliko kubadilisha mashini. CD yenyewe kipimo chake ni kile kile Philips na Sony walichokiandika mu 1980, sampuli 44 100 kila sekunde na biti 16, na chip ya bei ya kati ya leo inakifikia bila kutoka jasho. Ila mashini moja itasoma CD ya mzee yenye michubuko mpaka mwisho, ingine itakwama wimbo wa pili, na hiyo tofauti utaisikia hata ukiwa jikoni.

Acha nikupe mufano. Mashini yangu ya pili nilinunua okazyo, ilitoka Ubelgiji, dola 90, nzito, inang'aa, telekomande yake iko. Muuzaji akaweka CD yake mpya, wimbo wa kwanza ukatoka safi kabisa, nikalipa, nikaibeba mikononi mpaka ku taksi kama mutoto. Nyumbani nikaweka CD ndefu ya TPOK Jazz, orkestre ya Franco, zile kampuni Sonodisc ya Ufaransa ilitoaga miaka ya 90, nyimbo za kwanza muzuri, kufika ku zile za mwisho ikaanza tk-tk-tk na kuruka. Nikafikiri CD ni chafu, nikapangusa, kumbe hapana. CD haisomwi kama santuri. Inasomwa kuanzia katikati kwenda pembeni, inazunguka karibu mara 500 kwa dakika pale ndani na karibu 200 kule inje, maana yake wimbo wa kwanza lensi haijasogea popote, iko tu pale pale karibu na mota. Ile reli inayoibeba kwenda pembeni ilikuwa imejaa mafuta makavu na vumbi, muuzaji hakunionesha kule na mi sikujua kuuliza.

Kwa hiyo ukienda kununua okazyo usikubali CD ya muuzaji. Toka nyumbani na tatu zako: moja ndefu, inapita dakika 70, na hiyo uruke moja kwa moja ku wimbo wa mwisho uisikilize yote. Ingine yenye michubuko, ile unajua inasumbuaga. Na moja ya kugrave, ile mutu anaandika mwenyewe ku ordinateri, juu najua ku zile mia mbili za mzee za kugrave haziwezi kukosa. Halafu hesabu sekunde tangu unafunga mpaka inaonesha idadi ya nyimbo, yenye afya inafanya hiyo kwa sekunde tano hivi, ikifika kumi na tano inatafuta-tafuta lensi imechoka, rudisha. Weka sikio karibu na sanduku, ukisikia inanung'unika na kugongagonga wakati wa kuruka wimbo, rudisha pia, hata kama bei imeshuka.

Kuhusu za kugrave, kuna CD-R, inaandikwa mara moja tu, na CD-RW, inafutwa na kuandikwa tena, hazifanane. CD ya duka inarudisha mwanga wa lensi asilimia 70 hivi, CD-R nzuri iko karibu na hapo, lakini CD-RW inarudisha kati ya 15 na 25 tu, njo maana mashini za zamani, hata za bei kali, zinaiangalia kama kitu haiko. Haiko imekufa, ilitengenezwa mbele ya hiyo CD kuwepo. Usilaumu mashini kwa hiyo, grave upya kwa CD-R, kwa mwendo wa chini.

Sasa kuhusu fundi, na hapa nasema kwa uchungu. Mashini yangu ya tatu ilianza kukataa CD, nikaipeleka kwa fundi mumoja wa mujini, akaifungua mbele yangu, akakamata bisibisi ndogo akazungusha kile kibati kidogo ku ubavu wa lensi, dakika mbili tu, mashini ikasoma kila kitu, nikafurahi nikalipa. Nyuma ya wiki tatu ikafa kabisa. Kile alichozungusha kinaongeza kuraa inayoingia mu laza, ni kama kumupiga mugonjwa fimbo ili atembee, anatembea siku ile na kesho anaanguka. Fundi akishika hiyo kitu na hajapangusa lensi kwanza, mwambie afunge. Kupangusa ni kijiti cha pamba na alkoli ya isopropili, tone moja, bila kubonyeza, juu lensi imening'inia ku nyaya nyembamba kama unywele. Usitumie parfe, usitumie petroli, nimeona zote mbili.

Na ikibidi kubadilisha lensi, hapo njo utajua kama ulinunua vizuri. Mashini mingi sana za miaka ya 90 na 2000, za chapa tofauti tofauti, ndani ziko na lensi moja ile ile, Sony KSS-213 ao Sanyo SF-P101N, na hizo mpaka leo zinauzwa kwa bei ndogo, unaagiza na mutu anayetoka Dubai. Mashini ingine ni ya kifahari lakini lensi yake haitengenezwe tena, ikikufa inakuwa meza ya kuwekea maua. Kwa hiyo mbele ya kulipa piga picha ya maandishi ya nyuma, tafuta ku intaneti modeli hiyo inatumia lensi gani, kama inapatikana ongea bei, kama haipatikane acha. Kitu kimoja mafundi mingi wanasahau: KSS-213 mpya inakuja na tone dogo la risasi ya kulehemu limeunganisha njia mbili ku bodi yake, ni la kuikinga na umeme wa mikono wakati wa safari. Usipolitoa mashini haisomi kitu, na fundi atakuambia wamekuuzia lensi mbovu. Mi nilitupa moja hivyo, nzima kabisa.

Kuraa sasa. Angalia kibati cha nyuma, hapa tunatumia 220 V na 50 Hz. Ya Ubelgiji sawa, ya Afrika Kusini inayopitia mupaka wa Kasumbalesa sawa, utabadilisha tu prizi. Ya Japani imeandikwa 100 V, ya Marekani 120 V, hizo ukichomeka moja kwa moja unasikia harufu na pesa imekwenda. Weka stabilizateri, na kuraa ikikatika kamata tabia ya kuchomoa, usingoje irudi, juu inarudiaga na nguvu, na mashini iliyo ku kitaa chekundu haijazimika, iko ndani ya kuraa. Yangu ya kwanza njo ilikwendaga hivyo, mvua ya mwezi wa kumi na mbili.

Nyuma ya mashini tafuta tundu la kable nyekundu na nyeupe, lazima, na tundu la dijitali, koaksiali (ya waya) ao optiki (ya mwanga). La dijitali hutalitumia leo, lakini siku chip itachoka ao utapata DAC ya inje, mashini inaendelea kufanya kazi ya kusoma tu. Na ku ampli yako chomeka ku CD ao AUX, usichomeke ku Phono hata kama ile tundu iko wazi. CD inatoa karibu volti 2, Phono inangojea milivolti chache za sindano ya santuri, utasikia makelele na utafikiri umenunua takataka.

Modeli, maana najua njo unangojea. Kama unataka mpya, Yamaha CD-S303 inafaa, iko na USB mbele na inacheza MP3, kwa familia hiyo ni kitu kikubwa juu batoto watachomeka ya kwao. NAD C 538 haina USB, iko na matundu yote mbili ya dijitali, kama ni CD peke yake unataka. Marantz CD6007 njo napenda zaidi, ina USB na tundu la kaske ya masikio lenye kupunguza na kuongeza sauti, lakini ikiwa mpya bei yake inaweza kupita dola 400 zako hata mbele ya usafiri. Okazyo, Onkyo C-7030 ukiikuta haijafunguliwa, ikamate.

Na kama pesa inapungua, kamata DVD ya kawaida yenye koaksiali nyuma na DAC ndogo pembeni. Haina sura, lakini inasoma CD vizuri. Nilikaa hivyo mwaka mzima na sikulalamika.

CD za mzee usizipanguse kwa kuzunguka. Pangusa toka katikati kwenda inje, moja kwa moja, na kitambaa laini chenye maji kidogo, juu mukwaruzo unaofuata mustari wa muziki ni mubaya kuliko unaoukata. Na uso wenye maandishi ulinde zaidi ya ule unaong'aa, chini pale kuna plastiki ya milimita 1,2, juu kuna rangi tu na muziki uko nyuma yake. Mzee wangu aliandikaga jina lake na biki ku CD zake zote, mbili zilitoboka hapo hapo ku jina.

Ukiona mashini mujini, weka hapa picha ya maandishi ya nyuma mbele ya kulipa, nitakuangalilia lensi yake.