Maswali na majibu: Kuingia kwenye nodi (seva mojawapo) ya hifadhidata ya Cassandra kwa cqlsh, programu yake ya kuandikia amri

Swali: Nikiandika cqlsh naambiwa muunganisho wa 127.0.0.1 umekataliwa. Cassandra iko kwenye seva nyingine na inafanya kazi vizuri. Shida nini?

Jibu: Hujataja nodi. Usipotaja, cqlsh inabisha hodi kwenye kompyuta yako mwenyewe, poti 9042. Andika cqlsh, kisha anwani ya nodi. Swali hili linarudi kila mara, na jibu limo ndani ya ujumbe wenyewe. Jamani, usomeni kwanza.

Swali: Anwani nimeitaja, bado nakataliwa. Nikiwa ndani ya seva ileile naingia. Mwenzangu anasema niweke 0.0.0.0 yaishe.

Jibu: Hayataisha, yataanza. Fungua cassandra.yaml, faili la mipangilio ya nodi, utazame rpc_address, yaani anwani ambayo nodi hupokelea wateja. Bila shaka imeandikwa localhost, kwa hiyo nodi inapokea wateja wa humohumo ndani tu. Weka anwani ya ndani ya seva, uiwashe nodi upya, ujaribu tena. Ukiweka 0.0.0.0, nodi inapokea wageni kupitia kila njia ya mtandao iliyo nayo, pamoja na ile ya intaneti kama ipo. Tena utalazimika kujaza broadcast_rpc_address, anwani ambayo nodi huwatangazia wateja, la sivyo nodi haiwaki. Na kuna hili ambalo hukuuliza: Cassandra ikitoka kiwandani hutumia AllowAllAuthenticator, yaani haimwulizi mtu nenosiri. Atakayeifikia poti 9042 anasoma, anaandika, anafuta. Washa PasswordAuthenticator, inayodai nenosiri, tengeneza msimamizi wako, kisha mnyang'anye mamlaka yule mtumiaji wa awali aitwaye cassandra, ambaye nenosiri lake pia ni cassandra. Dunia nzima inalijua.

Swali: Mwongozo nilio nao unataja poti 9160.

Jibu: Utupe. Hiyo ilikuwa ya Thrift, njia ya zamani ya kuzungumza na Cassandra, iliyoondolewa kabisa katika toleo la 4.0 mwaka 2021.

Swali: Kuna ubaya kuweka nenosiri kwa -p?

Jibu: Upo. Linabaki kwenye historia ya terminali. Andika -u na jina tu. Cqlsh itakuuliza nenosiri yenyewe.

Swali: Nimeingia nodi mbili za klasta (kundi la nodi) moja, nikatoa SELECT ileile ya kusoma data. Moja ina safu mlalo mpya, nyingine haina. Data imepotea?

Jibu: Si lazima. cqlsh huanza na kiwango cha ONE: data hukaa kwa nakala kwenye nodi kadhaa, na jibu la nakala moja linatosha, hata kama nakala hiyo imepitwa na maandishi ya karibuni. Andika CONSISTENCY QUORUM, ili zijibu nakala zaidi ya nusu, urudie swali lako. Usikimbilie kuingiza data upya.

Swali: Nodi moja ikizima, hakuna anayeweza kuingia hata kwenye zilizobaki. Kwa nini?

Jibu: Watumiaji na manenosiri hukaa kwenye system_auth, keyspace (kundi la majedwali) ya Cassandra yenyewe, ambayo kwa kawaida huanza na nakala moja tu. Ongeza nakala kwa ALTER KEYSPACE, zifike angalau 3 kama nodi zinatosha, kisha endesha nodetool repair system_auth, amri ya kusawazisha nakala, kwenye kila nodi. Fanya hivyo nodi zote zikiwa hai, nodetool status ikionyesha UN (Up/Normal, yaani iko hai na katika hali ya kawaida) kila mstari.