Wadogo zangu wa upinde, mutaua mabega yenu bure

Jumamosi iliyopita nilisimama pale tunapofyatulia, nje kidogo ya barabara ya Kasapa, nikaona kijana amefika na upinde mpya kabisa wa pauni 50, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta, wiki yake ya tatu tu katika mchezo huu. Anavuta, mkono unamtetemeka kama mtu wa malaria, kamba haijafika hata kidevuni, na mshale tayari umeenda. Wenzake wanapiga makofi juu umelia vizuri kwenye gunia. Mi roho iliniuma, bandugu, juu ule kijana ni mi mwenyewe miaka sita iliyopita, mpaka vile alivyokuwa anauma meno. Basi leo naandika, na munivumilie kama narefusha.

1. Pauni zilizoandikwa kwenye upinde si zako. Zimepimwa kwenye mvuto wa inchi 28, yaani urefu unaorudisha kamba, na kila inchi unayopunguza au kuongeza inabadilisha kama pauni 2 mpaka 3. Ukivuta 26, upinde wako wa 40 umeshakuwa wa 35 hivi. Kwa hiyo mtu akikuuliza unafyatua pauni ngapi, usimusomee maandishi, mwambie ile iliyo kwenye vidole vyako. Peso ya kupimia valizi inatosha: fungia kamba hapo, vuta mpaka anka yako, pale mkono unapotulia usoni kabla ya kuachilia, mwenzako asome. Kama inasoma kilo, 10 ni pauni 22.

2. Hapa nitakaa kidogo.

Mi ni Muluba, nimekulia kwenye hadithi ya Mbidi Kiluwe, ule mwindaji aliyetoka mashariki, na babu alikuwa anatuambia chifu wa kweli alikuwa na kinara chake cha kuwekea pinde, kimechongwa, hakionyeshwi ovyo, kinalindwa ndani. Kwa hiyo kichwani mwangu upinde ulikuwa heshima, na heshima ilikuwa uzito. Rafiki anayepanda Johannesburg kuchukua mizigo akaniletea upinde mrefu wa mti, pauni 55. Sikuwa nimefyatua hata mwezi mumoja. Siku ya kwanza niliuvuta kwa mgongo, kwa shingo, kwa hasira, mshale ukazama kwenye gunia la makala mpaka manyoya, watu wakashangilia, na mi nikaamini njo hivi.

Miezi tisa. Miezi tisa nilikuwa napiga kushoto. Mita 18, mishale sita, mbili kwenye gunia, nne kwenye kichuguu nyuma yake, na munajua vichuguu vya huku kwetu Lubumbashi, wakati wa jua udongo unakuwa kama betoni, kila kosa ni ncha moja imekufa. Nikasema mishale ni migumu sana, haipindiki inavyotakiwa. Nikanunua laini zaidi, pesa ya nusu mwezi. Ikaanza kwenda vizuri siku moja, siku ya pili nimelala vizuri, nimekula, nina nguvu, navuta kidogo zaidi, yote inaenda kulia! Nikarudisha ile migumu. Nikabadilisha kamba. Nikabadilisha glavu. Kitu kimoja tu sikugusa, upinde, juu upinde njo ulikuwa jina langu pale.

Halafu vidole vikaanza kujiachilia vyenyewe. Hii siwezi kuielezea kwa mtu ambaye haijamfikia. Unanyanyua, unaona katikati ya gunia, na kabla kamba haijagusa shavu mkono umeshafunguka, hukuuambia ufunguke. Nilikuwa naogopa kusimama mbele ya gunia kwa mita 3, mtu mzima, mwenye watoto. Na bega la kulia likaanza kuwaka usiku. Mwezi wa sita, asubuhi ile ya baridi, nikavuta bila kupasha mwili moto, nikasikia kitu kimeteleza ndani ya bega. Wiki tatu mke wangu njo alikuwa ananivalisha shati. Bidon ya maji nilikuwa nabeba kwa kushoto. Mutu wa kine, ule wa mazoezi ya viungo, akanikataza upinde miezi miwili na akaniuliza, unafanya kazi gani ya kubeba vitu vizito hivyo? Sikumjibu.

Aliyenitoa hapo ni mama mumoja fundi wa kushona, anafyatua na sisi toka mwanzo, upinde wake pauni 30, na alikuwa anatupita wote kwa pointi, sisi tunasema ni bahati. Niliporudi alitoa metre yake shingoni, akapima mshale wangu inchi 28 toka kwenye pasuo ya kitako, pale kamba inapoingia, akachukua verni nyekundu ya kucha akachora pete hapo. Akasema, vuta, mi nitaangalia. Ukivuta sawasawa ile pete inafika kwenye mgongo wa upinde, upande wa gunia. Nikavuta. Akaweka vidole vyake kati ya upinde na ile pete nyekundu. Vidole vinne. Mara ya pili vitatu. Mara ya tano, nimechoka, vinne na nusu, na akanionyesha kitu kingine: hata nikisimama kwenye anka, ile pete inatambaa kwenda mbele polepole, kama mdudu, mi sijui kabisa kama mkono unarudi.

Akaniambia, "Mwanangu, we ulilipa 55 na unabeba 47. Hizo nane zingine unazibebea nani?"

Hapo njo yote ilifunguka. Mvuto mfupi unaupa mshale nguvu ndogo, kwa hiyo mshale unajifanya mgumu, na kwa mtu wa mkono wa kulia mshale mgumu unaenda kushoto. Siku nikiwa na nguvu navuta zaidi, ile laini inakuwa laini mno, inaenda kulia. Na juu kila mshale una mvuto wake, mumoja unapanda, mwingine unashuka. Mishale haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nafyatua pinde sita tofauti kwa zamu moja.

Nilianza upya na pauni 28. Miezi minne, mita 5, gunia tupu bila alama, macho nimefunga, navuta, nakaa, nahesabu mpaka nne, nashusha bila kuachilia. Mara kumi bila kuachilia, mara moja kuachilia. Vidole vilinirudia hivyo tu. Leo nafyatua 38 na mishale sita inakaa kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, kwa mita 18, siku mbaya inakuwa sinia. Bega likisikia mvua bado linanikumbusha.

3. Jaribio la upinde mpya: kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili toka chini, vuta bila kuelekeza upinde juu mawinguni. Ukishindwa, ni mzito. Halafu simama, kaa kwenye anka sekunde kumi. Ukitetemeka kwenye ya tano, ni mzito. Usibishane na kiti.

4. Mtu mzima mwanaume aanze 25 mpaka 30, wamama na vijana 20 mpaka 25, na ukipanda panda kwa pauni 2 au 4, si kwa 15. Najua mutaniletea hadithi ya Waingereza. Kila mwaka kuna mumoja ananiletea. Ndiyo, meli ya Mary Rose ilizama 1545, ikainuliwa 1982, na pinde zilizotoka ndani zinakadiriwa kuwa za pauni 100 mpaka 185 hivi. Lakini mifupa ya mabega ya wale watu nayo imetoka, na mingine imebadilika, wataalamu wanaona ni kwa mazoezi ya toka utotoni. Kuna askofu wao, Hugh Latimer, alihubiri mbele ya mfalme mwaka 1549 akaeleza baba yake alikuwa anamnunulia upinde kulingana na umri na nguvu zake, akikua upinde unakua. Yaani hata wale wenye pinde za kutisha walianza na kitu cha kitoto. Na we umeanza lini? Juzi, baada ya misa.

5. Kuna uzito mwingine ambao watu wanachanganya na pauni, ule wa upinde wenyewe mkononi, wa kilo. Upinde mrefu wa mti ni mwepesi, wengi hawafiki hata kilo moja, kwa hiyo kila kosa la mkono wa kushoto linaingia moja kwa moja kwenye mshale, na ukiachilia unakupiga kiganjani. Rikavu, ule upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, ukiwa na kishikio kizito inatulia zaidi, njo maana wale wa rikavu tupu, isiyo na saiti ya kulengea wala fimbo ya kutuliza, wanafunga vyuma chini ya kishikio, na sheria yao inasema upinde bila kamba lazima upite kwenye pete ya sentimita 12.2. Lakini we mgeni usikimbilie vyuma. Mkono usiozoea utashuka kwenye mshale wa thelathini, na mishale yote itaanza kupiga chini, utasema ni jua.

6. Mishale isiwe miepesi kupita kiasi, greni 8 mpaka 10 kwa kila pauni ya upinde (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Usiachilie kamba bila mshale, hata kwa mchezo, hata kumuonyesha shemeji. Upinde usiache ndani ya gari mchana.

7. Na musiwacheke wenye pauni 30. Ule mama fundi bado anatupita.

Kijana wa 50, unajijua, sikutaji. Jumamosi nitafika saa moja na nusu ya asubuhi, kabla jua halijapanda juu. Nimekuwekea ile ya 28 niliyoanzia upya, kamba ni mpya, nimeipaka nta jana. Ya kwako iache nyumbani, ining'inize vizuri bila kamba, itakungoja. Kuja na mshale mumoja tu. Verni nyekundu nitakuja nayo mimi.