Mama mdogo aliye Nyarugusu apime, hata kama haumwi

Dada, umeuliza kama mama mdogo wako wa miaka 42, aliye kambini Nyarugusu, ana haja ya kupima saratani ya shingo ya kizazi wakati haumwi popote. Aende. Akingoja mpaka aone damu baada ya tendo la ndoa, huenda saratani imeshasambaa, na mkimbizi hatoki kambini Kigoma kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, bila kibali.

Kipimo chenyewe ni siki. Analala kitandani, muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anamulika taa. Pakitokea weupe, si lazima iwe saratani. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali, yanagandishwa au kuchomwa kwa joto na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kama anaona haya (nani haoni?), aombe muuguzi mwanamke. Kama anaishi na VVU aseme, maana atatakiwa kurudia kipimo mapema zaidi.

Binti yake wa miaka 13 apate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Tanzania sasa ni dozi moja, wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hayo ya kwamba inaleta ugumba ni maneno ya bombani tu.