Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kutia Dawa Jichoni

SWALI: Daktari, ninaendesha bodaboda Temeke. Kila jioni macho yangu huwa mekundu na kuwasha kwa sababu ya vumbi na moshi. Duka la dawa la jirani huniuzia dawa ya matone ambayo nikiitia, wekundu huondoka na usiku ninalala vizuri. Nimeitumia tangu mwaka jana. Je, inaweza kunidhuru?

JIBU: Ndugu yangu, chukua kichupa chako sasa hivi na usome maandishi madogo yaliyo ubavuni. Ukikuta neno deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, basi dawa hiyo ina steroidi, iwe peke yake au imechanganywa na dawa ya kuua bakteria. Steroidi hutuliza mwasho na wekundu kwa haraka sana, na ndiyo maana wateja huipenda na wauzaji huitoa kwa kila jicho jekundu. Lakini ni dawa inayopaswa kuandikwa na mtaalamu aliyekwisha kulipima jicho, na kutumiwa kwa muda alioupanga yeye. Ikitumiwa kwa miezi mingi bila uangalizi, inaweza kupandisha presha ya jicho, hali ambayo huua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na pia inaweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na uoni ukarudi. Uoni ulioondolewa na presha ya jicho haurudi kamwe, na mgonjwa kwa kawaida hahisi maumivu yoyote hadi sehemu kubwa ya kuona pembeni imekwisha kupotea.

Kwa hiyo nenda kliniki ya macho wiki hii, ukiwa na kichupa chenyewe mkononi, upimwe presha. Usinunue kingine kabla ya hapo. Nitaongeza jambo ambalo pengine halitawapendeza wenye maduka: mtu anayeuza matone ya steroidi bila cheti cha daktari hamsaidii mteja wake, hata kama mteja anarudi kila mwezi kumshukuru.

Dawa ya vumbi ni kulizuia lisifike jichoni. Shusha kioo cha helmeti unapoendesha, au vaa miwani inayofunika hadi pembeni. Mchana chagua miwani yenye kinga ya mionzi ya jua ya urujuanimno (UV), kwa maana weusi wa kioo peke yake si kinga. Jua, upepo na vumbi vya miaka mingi huchangia kuota kwa kile kinyama kinachoanzia kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni, ambacho nimekiona mara nyingi kwa madereva na wavuvi. Ukifika nyumbani, nawa mikono kwanza, kisha uso kwa maji safi, na jicho likiwasha liwekee kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi badala ya kulisugua. Taulo lako liwe lako peke yako. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu ya virusi yalipoenea Dar es Salaam na baadaye Mombasa, mikono na vitambaa vya kuchangia vilikuwa miongoni mwa njia za kuambukizana. Na wapo waliotia jichoni chumvi, maji ya majani na hata mkojo, vitu ambavyo vinaweza kuchubua kioo cha jicho na kuacha kovu la kudumu.

SWALI: Mwanangu wa miaka minane husogea karibu sana na televisheni na hukunja macho akitazama mbali. Bibi yake anasema tumpe karoti, kwa kuwa miwani itayazoesha macho uvivu. Tufanye nini? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, mpeleke akapimwe. Miwani sahihi haidhoofishi jicho. Kwa mtoto, kumnyima miwani anayoihitaji ndiko kunakoweza kuliacha jicho lisijifunze kuona sawasawa, na huko shuleni ataitwa mzito kumbe haoni ubao. Bibi ana haki yake pia: karoti, mchicha, maembe, papai na viazi lishe hutoa vitamini A, ambayo upungufu wake huleta upofu wa usiku. Hata hivyo, chakula hakiwezi kubadili umbo la jicho lisiloona mbali. Simu isishikwe karibu na uso, na kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa meta 6 au zaidi kwa sekunde 20. La muhimu kuliko hayo, acheze nje kila siku, kwa kuwa mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, Tanga. Nina kisukari. Miwani ya kusomea ninanunua barabarani, lakini kila baada ya muda inanikataa. Kaka yangu alipofuka kwa presha ya macho. Je, ninunue yenye namba kubwa zaidi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Miwani ya barabarani haina sumu. Hasara yake ni kwamba muuzaji hatazami ndani ya jicho. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika, na miwani iliyokufaa mwezi uliopita hukukataa mwezi huu. Kisukari pia huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho bila dalili mwanzoni, kwa hiyo unahitaji uchunguzi kila mwaka hata kama unaona vizuri. Zaidi ya hayo, ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wa presha ya macho wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Basi wewe na ndugu zako wengine mpimwe, na watoto wa kaka yako waanze mapema, wasisubiri uzee. Siku hiyo utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hutaweza kusoma wala kustahimili jua. Nenda na mtu wa kukusindikiza, na orodha ya dawa zako zote.