Skuli zifungwe ndio, ila tuambiwe usiku

Assalamu alaykum wahariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama skuli zifungwe mapema pale inapotabiriwa mvua kubwa au upepo mkali. Mie najibu kutoka Pemba, shamba upande wa Wete, mama wa watoto watatu, na nnasema kufungwa zifungwe, lakini hilo neno "mapema" ndo linalonitia khofu, mana mapema ya kwetu imekuwa saa 4 asubuhi na mvua ishaanza. Mie nataka tuambiwe usiku wa kabla yake.

Nikuhadithieni yaliyonipata. Masika moja ya nyuma mwanangu wa kati yuko darasa la pili, asubuhi mbingu nzito ila haijanyesha, nikamtia nguo akatoka na mie nikapanda gari kwenda kazini mjini Chake Chake. Saa 4 hivi skulini kwao wakapata habari kuwa kuna mvua kubwa inakuja, kengele ikapigwa, watoto wote nendeni majumbani. Nia ilikuwa njema, hilo sikatai. Ila mwanangu akitoka skuli anateremka mlima, anavuka bonde la mpunga juu ya magogo mawili ya mnazi, anapanda mlima wa pili ndo afike nyumbani, na nyumbani siku ile mlango una kufuli kwa sababu bibi yake yuko bondeni anapalilia mpunga na mie niko Chake. Anayeijua Pemba ananielewa, kisiwa chetu ni vilima na mabonde, ikinyesha nusu saa tu huko juu basi kijito kilichokuwa kinafika kwenye kifundo cha mguu kinakuwa mto na udongo unateleza hata mtu mzima anatambaa.

Mzee mmoja aliyekuwa anarejesha ng'ombe wake ndo aliyewakuta, watoto watatu wamejibanza chini ya mwembe na radi inapiga, na chini ya mti ni pahala pabaya sana wakati wa radi lakini mtoto wa miaka minane atajua wapi. Akawachukua kwake akawapa uji. Mwanangu nimemtia machoni magharibi. Kutoka saa 4 mpaka magharibi nnapiga simu skuli naambiwa tumewaruhusu zamani, nnampigia bibi yake simu iko nyumbani ndani ya kufuli. Mpaka leo mvua ikianza mchana mie kazi hainiendi.

Sasa ndo nasema, watoto wakishakuwa ndani ya skuli na mvua ishafika, waacheni humo humo. Siku hizi skuli nyingi zimejengwa za ghorofa, kuta za tofali na zege, halafu tunamtoa mtoto humo tunampeleka kwenye nyumba ya udongo na makuti, hii akili ya wapi? Wakae madarasani mpaka itulie, mzazi anayeweza kuja aje amchukue wake mwenyewe. Zile skuli kongwe ambazo bati zake zinapiga kelele upepo ukivuma kidogo, hizo kamati za skuli zikakague mapaa mwezi wa pili kabla masika hayajaingia, misumari ikazwe, matawi makavu yaliyo juu ya paa yakatwe, tusingoje mwezi wa nne. Na tusisahau zipo skuli zinazosomesha kwa zamu, yani ukiwatoa wa asubuhi kwa ghafla wale wa mchana wako njiani wanakuja, hawajui lolote, wanapishana na wenzao bondeni.

Wengine wataniuliza huko usiku tutajuaje. Tunajua jamani, mbona tunaambiwa! Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa siku tano mbele na rangi zake, njano angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, na wanaandika kabisa uwezekano wa kutokea ukoje na athari zake zikoje. Kimbunga Hidaya mwaka 2024 tulikisikia siku kadhaa kabla, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, na tarehe 4 Mei ndo kikafika Mafia. Kwahiyo kimbunga hakiji kama mwizi. Mvua za radi za masika ndo za ghafla zaidi, hizo mtu wa utabiri hawezi kukwambia itapiga kijiji gani saa ngapi, na ndo mana nnasema rangi ya njano isifunge skuli, watoto waende ila ikinyesha wasitolewe. Ikiwa chungwa, mpaka saa 2 usiku iwe ishaamuliwa kwa wilaya zile zilizotajwa. Nyekundu hapana mjadala, kesho hapana skuli, na tangazo lipite redioni, kwa masheha, wale viongozi wa shehia zetu, na kwenye spika za misikiti baada ya isha, sio sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe ambazo mwaka ule zilitukosesha usingizi bure.

Najua wapo watakaosema utabiri unakosea na watoto wanapoteza masomo, na watanitajia Jobo, kile kimbunga cha Aprili 2021 kilichopoteza nguvu kabla hakijafika pwani, watu wakasema tumetishwa bure. Mie sikuona bure, nimeona rehema. Ni kweli Pemba tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta na vimbunga havipendi kukaribia huku, ila wazee walituhadithia dharuba ya 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote na Pemba ikasalimika kiasi, ndo karafuu ikawa ya kwetu mpaka leo. Kuja kwa nadra sio kutokuja. Siku moja ya masomo mwalimu anaweza kuilipa Jumamosi.

Kitu kimoja watu hawakitaji kabisa ni chuoni, yani wanakosoma watoto Kurani. Skuli ikifungwa asubuhi, alasiri mtoto anachukua juzuu yake anakwenda chuoni kwa njia ile ile, bonde lile lile! Tangazo la skuli liwe na la vyuo pia, maalim nao waambiwe. Na sie wazazi tusijidanganye, mtoto aliyebaki nyumbani bila mtu mzima hakai ndani, mvua ikipungua kidogo tu anakwenda kuoga kwenye madimbwi na wenzake, na madimbwi yanaua. Ndo mana nikataka nijue usiku, ili niombe ruhusa kazini, au bibi yake asishuke bondeni siku hiyo, au nimpeleke kwa shangazi yake Konde.

Masika haya nimefanya niwezalo, ufunguo wa pili uko kwa jirani, nambari ya sheha na ya mwalimu wa darasa nimeziandika kwa kalamu nyuma ya mlango, na mwanangu nimemwambia akitolewa skuli na mvua inanyesha asivuke, arudi akakae barazani kwa mwalimu mpaka nimfuate mwenyewe hata ikiwa usiku.