Mama Alipoanza Kutafuta Ng'ombe Umoja

Saa kumi alfajiri mlinzi wa getini alinipigia simu. "Mama yako hapa, anataka nimfungulie. Anasema ng'ombe hawajakamuliwa." Sisi tunaishi Umoja, mtaa wa Nairobi, ghorofa ya tatu. Ng'ombe wetu wa mwisho aliuzwa nikiwa kidato cha pili.

Zahanati ya kwanza ilisema ni uzee. Majirani wakasema ni mkono wa mtu. Mwaka ukapita kabla daktari mwingine hajatamka neno dimensia, ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu. Kwa hiyo mzazi wako akipotea njia aliyoizoea, au akiuliza jambo lile lile mara kumi asubuhi moja, usikubali kuambiwa ni uzee. Omba apimwe damu, vitamini B12 na tezi ya thairoidi, kwa maana kuna usahaulifu unaotibika. Majibu yaandikwe, uyaweke.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilimshonea namba yangu ya simu ndani ya kila sweta, na siku alipopotea, mama mboga wa Kayole ndiye aliyeisoma. Hilo liliwezekana kwa sindano. Kulala usingizi sikuweza, na duka nikalifunga.

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa dimensia. Shabaha mojawapo ilikuwa kwamba kufikia 2025, robo tatu ya nchi ziwe na mafunzo na msaada kwa walezi. Katiba yetu ya Kenya nayo, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Pamoja! Inua Jamii, mpango wa Serikali wa fedha za kujikimu, humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunazishukuru, ila nepi zilizimaliza kabla ya katikati ya mwezi, na mpango wowote unaomhesabu mgonjwa ukamsahau anayemgeuza usiku utatuletea wagonjwa wawili.

Ndipo nikaanza kuandika daftari: saa nilizolala, nepi alizotumia, siku ambazo duka halikufunguliwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda, ndugu yangu, na uende na daftari lako. Mimi nilisimama nikasoma siku saba tu, ukumbi ukanyamaza. Nikaomba mambo mawili: kituo cha kumpokea mgonjwa mchana, hata mara mbili kwa wiki, na wahamasishaji wa afya ya jamii wafundishwe kutambua dalili, kwa kuwa wao ndio hutubishia hodi.

Kituo bado. Lakini siku ile mama mmoja alinisubiri mlangoni. "Mzee wangu alikuwa wa reli," akaniambia. "Kila usiku anavaa viatu aende zamu." Siku hizi Jumanne yeye hukaa na mama yangu, nami nafungua duka. Alhamisi mzee huletwa kwangu, na viatu vyake.