Mkaa wa vifuu kuchoka haraka kwenye metani

Mdogo wangu wa Mtwara, umesema unapasua metani kupata haidrojeni, kichocheo chako, yaani kitu cha kuharakisha huko kupasuka, ni mkaa wa vifuu, dakika za mwanzo inatoka vizuri halafu inashuka. Hujakosea, ndo tabia ya mkaa. Metani ikipasuka inaacha kaboni, na hiyo kaboni inakaa palepale kwenye vitundu vya mkaa mpaka vinaziba, yaani kilo 16 za metani zinakupa haidrojeni kilo 4 tu na kaboni kilo 12, sasa hizo 12 zitaenda wapi? Pima mkaa kabla na baada, utakuta umeongezeka uzito.

Mi ningejaribu masizi, yale yale ya kutengenezea matairi, mwanzo yanaenda taratibu lakini yanavumilia. Mkaa unaweza kuupulizia mvuke wa moto sana ukafunguka kiasi, ila hapo unazalisha hewa ya ukaa na kaboni monoksaidi ambayo ni sumu, na uzuri wa njia hii ni kuzikwepa hizo. Joto la kupasulia metani weka kama nyuzi 850 za Selsiasi hivi. Maganda ya korosho uliyouliza yanafaa kuchomwa mkaa, ila kamua mafuta yake kwanza, yanababua ngozi, waulize wakina mama wanaobangua.

Gesi asilia yetu ya visima vya Mnazi Bay huko Mtwara karibu yote ni metani kwa hiyo wazo lako nalipenda sana, ila nakuomba, fukuza hewa yote kwa nitrojeni kabla hujawasha tanuri, haidrojeni ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inashika moto na huo moto wakati wa mchana karibu hauonekani, usifanyie nyumbani, fanyia maabara mwalimu akiwepo.